Muulize Mwalimu: Hariri Inachapwaje kwa Mwanga?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nadarizi kanzu hapa Ngamiani, Tanga. Mpwa wangu aliye chuoni ameniomba masalio ya uzi wangu wa hariri. Ati hariri huyeyushwa, kisha mwanga ukaichapa vitu vyenye umbo kamili, vidogo hata jicho haliwezi kuviona. Ananitania? – Fundi, Barabara ya 8

JIBU: Marahaba, fundi. Hakutanii.

Kifukofuko cha kiwavi wa hariri huchemshwa na sodiamu kaboneti, jamii moja na magadi tunayotia kwenye maharage, ili gundi itoke. Hubaki protini iitwayo faibroini. Maji matupu hayaiwezi. Huyeyushwa kwa chumvi kali ya lithi bromidi, kisha chumvi hutolewa. Hapo hutiwa dawa inayoamshwa na mwanga, nayo ikiamka huigandisha hariri. Mwanga wenyewe hutoka kwenye leza, taa ya mwale mwembamba na mkali.

Sasa penye utamu, na ndipo wanafunzi wangu walipokwama kila mwaka: mbona leza haigandishi kila inapopita? Chukua mzigo wa mkonge unaotaka watu wawili. Wapite mia, mmojammoja, mzigo uko palepale. Chembe moja ya mwanga wa leza hii haina nguvu ya kuiamsha dawa. Zatakiwa mbili kwa mpigo. Msongamano wa kutosha hupatikana pale tu lenzi inapoukusanya mwanga. Hariri huganda nukta hiyo, hata ikiwa ndani kabisa, na juu pakabaki majimaji. Leza husogezwa nukta kwa nukta, kisha isiyoganda huoshwa. Mwanafizikia Maria Göppert-Mayer alilipigia hesabu jambo hili mwaka 1931, leza hazijazaliwa. Mwaka 2001 Wajapani walichapa fahali wa mikromita 10, mkubwa kidogo tu kuliko chembe nyekundu ya damu. Ila yule alikuwa wa resini, aina ya plastiki.

Hariri hupendwa kwa kuwa mwili huivumilia. Madaktari wameshonea majeraha kwayo tangu zamani. Juu ya vijumba vinavyochapwa hivyo hupandwa chembe hai. Kazi yenyewe ni ya polepole, wewe mdarizi utawahurumia.

Kuhusu masalio: choma kipande kwanza. Hariri hunuka nywele zilizoungua, majivu yake husagika. Poliesta huyeyuka ikawa shanga ngumu. Mimi nilitozwa bei ya hariri kwa harusi ya binti yangu, nikaja kupata shanga. Na hata wako ukiwa wa kweli, umetiwa rangi, utamsumbua. Mwambie atafute vifukofuko vyeupe.