Maswali ya Wasomaji: Daftari la Usomaji Lianzie Wapi?

SWALI: Mhariri wa ukurasa wa vitabu, salamu. Mwaka jana nilianza kupenda kusoma, lakini nikimaliza kitabu kimoja na kuingia kingine, cha kwanza hunitoka kichwani. Mitandaoni nimeona watu wanaotunza madaftari ya usomaji yaliyojaa michoro, karatasi za rangi na mwandiko wa kupendeza. Nami nimenunua daftari zuri, ila sijathubutu kuandika humo hata neno moja, kwa sababu sijui kuchora na ninaogopa kuliharibu. Kwa sasa ninasoma riwaya ya Kusadikika ya Shaaban Robert. Nianzie wapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, hilo daftari zuri liweke kando kwanza, kisha ununue kaunta buku la kawaida lenye jalada gumu, la kurasa 96 au 192, ambalo hutalionea huruma. Karatasi zake ni nyepesi, kwa hiyo kalamu za felti zitapenya hadi upande wa pili na gundi ya maji itazikunja. Tumia kalamu ya wino ya kila siku, penseli za rangi za wanafunzi, na gundi ya kijiti endapo utataka kubandika kitu. Kurasa mbili za mwanzo ziache kwa ajili ya yaliyomo, na uandike namba katika pembe ya kila ukurasa. Matayarisho mengine yanaweza kungoja.

Kila kitabu kipe kurasa mbili zinazotazamana. Upande wa kushoto uwe wa kumbukumbu: jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka wa toleo ulilonalo, tarehe za kuanza na kumaliza, na namna kitabu kilivyokufikia. Nyota za kukipima kitabu, ambazo wengi huzichora, mimi sizipendi, kwa kuwa zinaeleza ulikipenda kiasi gani bila kueleza kwa nini. Badala yake andika sentensi moja inayoanza hivi: “Nilikaribia kukiacha nilipofika…” Usipopata cha kumalizia sentensi hiyo, basi hilo nalo liandike.

Upande wa kulia ndio wa ubunifu, na hapa wanaoanza hupotea kwa sababu hutanguliza mapambo: maua, vipepeo, vikombe vya chai, vitu visivyohusiana hata kidogo na walichosoma. Pambo litoke ndani ya kitabu chenyewe. Chukua hiyo Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951. Nchi inayosimuliwa inaelea angani, na wajumbe wake wanatumwa pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Chora duara katikati ya ukurasa kwa kuzungushia mfuniko wa chupa, kisha utoe mishale kwa rula. Minne itakaa vizuri kama ilivyo katika dira yoyote, lakini wa mbinguni na wa ardhini itakubidi uamue utaipitisha wapi kwenye karatasi bapa, na nina hakika kwamba kuhangaika huko kutakufanya uifikirie nchi hiyo kuliko muhtasari wa ukurasa mzima. Kwenye ncha ya kila mshale andika jina la mjumbe, aliyoyaona huko, na malipo aliyoyapata aliporudi. Chini kabisa bakiza mistari michache kwa ajili ya Karama, anayejitetea barazani, uandike ile hoja yake ambayo wewe ungeshindwa kuijibu kama ungekuwa mshitaki. Hakuna ufundi wa kuchora unaotakiwa hapo.

Ukifika kwenye mashairi, kazi inakuwa tamu zaidi. Nakili ubeti mmoja, vina vya kati uvipake rangi moja na vya mwisho rangi nyingine. Kisha hesabu mizani, yaani silabi, ambazo katika tarbia nyingi (mashairi ya mishororo minne kwa ubeti) ni nane kwa nane katika kila mshororo, na utie alama pale mshairi alipozidisha au kupunguza. Halafu mjibu kwa ubeti wako mwenyewe. Kujibizana ni desturi ya siku nyingi katika ushairi wetu, na gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa likichapa tungo za wasomaji wake, kwa hiyo msomaji kushika kalamu na kutunga si jambo geni. Ubeti wako ukichechemea, uache uchecheme; daftari hili halisahihishwi na mwalimu.

Usisubiri kufika mwisho wa kitabu ndipo uandike. Ukiwa katikati, bashiri yatakayotokea, tena kwa wino. Na unaponakili maneno ya mwandishi, yatie ndani ya alama za mtajo pamoja na namba ya ukurasa, maana baada ya miezi michache utashindwa kutofautisha yaliyo yake na yaliyo yako.

SWALI: Mimi huazima vitabu maktaba, na vingine huvisoma kwenye simu. Nitawekaje alama? Je, kitabu nilichokiachia njiani nacho kiandikwe? (Mama msomaji, Tanga)

JIBU: Mama, kitabu cha maktaba hakiandikwi hata kwa penseli. Kata vipande vyembamba vya karatasi, uchomeke kimoja kila mahali palipokugusa, na kabla ya kukirudisha uvitoe kimoja kimoja huku ukinakili. Kwenye simu, namba za kurasa mara nyingi hubadilika kadiri unavyokuza herufi, kwa hiyo andika namba ya sura pamoja na maneno machache ya mwanzo wa aya. Kitabu ulichokiacha kiandikwe, nacho kipewe kurasa zake mbili kamili: taja ulipoishia na kilichokushinda, iwe ni lugha, ni mwendo wa hadithi, au ni uchovu wako tu wa siku hizo. Nusu ya ukurasa wa kulia usiijaze mapambo, kwani baadhi ya vitabu hivyo utavirudia, na hapo utahitaji mahali pa kuandika tarehe ya pili.