Maswali Yenu: Kiti cha mwenyekiti

SWALI: Kikundi chetu cha wakulima wa mihogo, Mwakirunge, kina wanawake 19 na wanaume 6. Mbona mwenyekiti ni mwanamume kila mwaka? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Dada, kura ya kunyoosha mikono ndiyo inayowaangusha. Nani atamnyima shemejiye mbele ya watu? Andikeni kura ya siri katika katiba ya kikundi kabla ya uchaguzi. Mkutano uwe asubuhi. Wa jioni huwakuta wanawake jikoni wakikuna nazi. Mgombea wenu naye azoee daftari la fedha: asome salio mbele ya wanachama, alilinganishe na taarifa ya benki. Akishinda, pelekeni benki kumbukumbu za mkutano zilizotiwa saini, mbadilishe watia saini wa akaunti wiki hiyo hiyo. Wengi husahau hili, na hundi hubaki kwa mwenyekiti wa zamani.