Ukijenga kibanio cha ng'ombe, weka nguvu zako kwenye mita kumi za mwisho

Mfugaji akiamua kujenga sehemu ya kuhudumia ng'ombe, mara nyingi huanza na kinachoonekana kwa mbali: uzio mrefu, geti la kuingilia, zizi pana. Nguzo zinanunuliwa, mafundi wanalipwa, na fedha zikikaribia kwisha ndipo kibanio, yaani kile kizimba chembamba cha kumshika ng'ombe anapohudumiwa, kinapojengwa kwa mabaki ya mbao. Nakushauri uugeuze mpango huo. Anza na kibanio pamoja na kichochoro kinachoingia humo, yaani zile mita kumi za mwisho anazopita ng'ombe kabla ya kushikwa shingo. Humo ndimo watu wanamovunjika mikono, ng'ombe wenye mimba wanamobanwa, ndama wanamokanyagwa na sindano zinamochomwa mahali pasipotakiwa. Zizi la kusubiria, hata likiwa la fito, litakuvumilia msimu mmoja au miwili. Kibanio kibovu kitakuumizia mtu siku ya kwanza.

Nimefuga kwa miaka mingi na nimeshiriki kujenga mazizi yangu na ya majirani. Jambo moja naliona kila mahali: pale ambapo mjenzi alifikiria ng'ombe anavyoona, kazi inakwenda kwa utulivu. Pale alipofikiria nguvu za kumzuia tu, kuna fimbo, makelele na jasho.

Kwa hiyo, kabla ya vipimo, tuanze na macho yenyewe. Macho ya ng'ombe yako pembeni mwa kichwa. Akiwa amesimama tu anaona karibu pande zote, nyuzi 330 hivi, na asichokiona ni kile kilicho nyuma yake kabisa, usawa wa mkia. Ila kupima kina na umbali ni kazi ngumu kwake, hasa akitembea kichwa kikiwa juu. Ndiyo maana kivuli cha nguzo kilicholala njiani kinamsimamisha: hajui mara moja kama ni kivuli au ni shimo. Inabidi asimame, ainamishe kichwa, anuse, ndipo avuke. Ukimchapa fimbo katika zile sekunde chache, umemfundisha kwamba mahali pale pana maumivu, na kesho hatapita kabisa.

Masikio nayo ni makali kuliko yetu. Ng'ombe husikia sauti nyembamba hadi kiasi cha hezi 35,000, wakati binadamu huishia 20,000 hivi. Chuma kinapogonga chuma, sisi tunashtuka kidogo na kuendelea na kazi, yeye anaumia. Vipande vya mpira wa tairi kuukuu vilivyofungwa pale geti linapogonga nguzo ni kazi ya nusu saa, na utaona tofauti siku hiyo hiyo.

Ukishamaliza kujenga, au hata kama una kibanio cha zamani kinachokusumbua, ingia mwenyewe kwenye kichochoro. Inama mpaka macho yako yawe usawa wa macho ya ng'ombe, kisha tembea polepole kuelekea kibanioni. Utaona vitu ambavyo ukiwa umesimama nje huvioni: dimbwi linalong'aa juani, koti lililotundikwa uzioni, bomba la maji lililokatiza njia, ndoo nyeupe kando ya lango. Jirani yangu mmoja alikuwa na kundi lililogoma daima mahali pale pale, na vijana wake walishazoea kulipita eneo lile kwa fimbo. Tulipoinama tukaukuta mnyororo wa komeo, urefu wa kiganja tu, unaning'inia na kuchezacheza kwa upepo. Tukaufunga kwa waya ukatulia, na ng'ombe wakapita.

Sasa mahali pa kujenga. Chagua sehemu iliyoinuka, maji yasituame, lori liweze kufika hata mvua ikinyesha, na ng'ombe wafike bila kuvuka eneo wasilolizoea. Angalia jua pia. Kama kazi zako nyingi ni za asubuhi, kichochoro kisielekee linakochomoza, maana ng'ombe anayemulikwa usoni hasogei. Ng'ombe hupenda kutoka gizani kwenda kwenye mwanga, ila mwanga mkali wa kumwingia machoni haumvuti. Kama utaezeka paa juu ya kibanio, jambo ambalo ni jema kwa mhudumu na kwa dawa, paa lisianzie pale kichochoro kinapoanza. Acha ng'ombe waingie kwenye mstari wakiwa nje kwenye mwanga, mita tatu au nne hivi, ndipo wakute kivuli cha paa wakiwa tayari wanafuatana. Aliye nyuma humfuata wa mbele kwa urahisi kuliko wa kwanza anavyokubali kuingia gizani peke yake.

Upana wa kichochoro ndio kipimo ninachokisisitiza kuliko vyote. Kwa ng'ombe wakubwa, sentimita 65 hadi 75 zinatosha, kwa kutegemea unene wa mifugo yako. Watu wengi huongeza upana wakidhani wanampa ng'ombe raha. Kinachotokea ni kwamba ng'ombe wa kati anageuka, anakwama akiwa amekunjika, na kumtoa pale ni hatari kwake na kwako. Ng'ombe apite bila kugeuka, basi. Kama unahudumia ndama na wakubwa mahali pamoja, jenga kuta zinazoegemea nje, chini pembamba kiasi cha sentimita 40 na juu pana, au weka ubao wa kuhamishika wa kupunguza upana siku ya ndama. Urefu wa kuta kwenda juu usipungue mita 1.5, kwa ng'ombe wakali au warukaji, nenda hadi mita 1.8. Urefu wa kichochoro upime kwa hesabu ya mita 1.7 hivi kwa kila ng'ombe, hivyo zile mita kumi zitabeba watano au sita kwa mkupuo. Mwenye ng'ombe wachache hahitaji zaidi ya hapo.

Mbao au mabomba ya kuta yafungwe upande wa ndani wa nguzo. Ng'ombe akisukuma, anaisukuma mbao kwenye nguzo, wala haing'oki. Ikifungwa nje, kinachomzuia ni misumari tu. Kisha pitisha kiganja chako ndani ya kichochoro chote, kuta zote mbili, uhakikishe hakuna ncha ya msumari, kingo ya bati wala kona kali ya bomba. Kinachokwaruza kiganja chako kitachana ngozi ya mnyama anayepita kwa nguvu.

Kuziba kuta kwa mbao au mabati ili ng'ombe wasione nje ni jambo ambalo Temple Grandin, profesa wa sayansi ya wanyama wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado huko Marekani, amelisisitiza kwa miaka mingi, pamoja na kichochoro cha kupinda. Kupinda kunasaidia kwa sababu ng'ombe anahisi anarudi alikotoka, na haoni watu waliosimama kibanioni mpaka afike karibu. Ila kona isianze mara tu anapoingia. Akisimama mlangoni lazima aone mbele yake nafasi ya ng'ombe wawili au watatu, la sivyo atadhani njia imekufa na atagoma. Na kama ndani ya kichochoro una geti la kuteleza la kutenganisha ng'ombe, hilo usilizibe. Liwe la nondo, ili wa nyuma amwone mwenzake aliyetangulia.

Kwa sehemu ya kusukumia, ile inayowaingiza ng'ombe kichochoroni, kuna njia mbili ninazozipenda. Ya kwanza ni faneli: ukuta mmoja unyooke, wa pili ukae kwa nyuzi 30. Kuta zote mbili zikiinama kama herufi V, ng'ombe wawili hufika mdomoni mwa kichochoro pamoja wakabanana. Ya pili ni chumba cha mstatili alichokieneza Bud Williams, Mmarekani aliyefundisha watu kuswaga mifugo kwa utulivu, kwa Kiingereza kikaitwa Bud Box. Kina upana wa mita 4 na urefu wa mita 6 au zaidi kidogo. Ng'ombe wanaingia hadi mwisho, geti linafungwa, wao wanageuka kutaka kurudi walikotoka, na pale pale kando ya geti wanakuta mdomo wa kichochoro. Hakuna kona wala geti la kusukuma, na ujenzi wake ni rahisi. Lakini kinamtaka mtu anayejua pa kusimama. Kama wahudumu wako hubadilika kila mara, faneli ni salama zaidi. Vyovyote utakavyochagua, jaza nusu tu. Ng'ombe wanahitaji nafasi ya kugeuza shingo waone mlango ulipo, na zizi lililojaa pomoni halisogei hata ukipiga kelele mpaka jioni.

Kando ya kichochoro acha njia ya mtu kutembea, na usiipange kama jambo la ziada. Ng'ombe ana mstari wake begani. Ukisimama mbele ya bega anarudi nyuma, ukisimama nyuma ya bega anakwenda mbele. Ukitembea kando yake kutoka kichwani kuelekea mkiani, mara tu unapolivuka bega lake anasogea mbele mwenyewe. Kwa hiyo mhudumu mmoja anayetembea kinyume na mwelekeo wa ng'ombe anaweza kuwasogeza wote sita bila kuwagusa. Pasipokuwa na njia hiyo, atakayefanya kazi ni fimbo.

Sakafu nayo watu huiacha iwe ya mwisho. Udongo mtupu kichochoroni utakuwa tope baada ya wiki chache za kukanyagwa. Mwaga zege, na kabla halijakauka lichore mistari yenye kina cha sentimita 2.5 hivi, ikikatizana kila baada ya sentimita 20, ili kwato zishike. Zege laini ni baya kuliko udongo, kwa sababu ng'ombe aliyeteleza mara moja hubaki amejikaza, akitetemeka, wala hasikii lolote. Mteremko mdogo wa kutoa maji na mkojo unatosha, na mfereji wenyewe upitishe nje ya kuta.

Kwenye kibanio chenyewe, nunua au tengeneza kishika shingo kilicho imara kuliko unavyofikiri utahitaji. Nondo zilizonyooka wima zinafaa kuliko zilizopinda kwa ng'ombe atakayekaa muda mrefu, kwani akijilaza hazimkabi koo kirahisi. Ukuta mmoja ufunguke kwa upande, maana siku moja ng'ombe ataanguka humo na utahitaji kumtoa haraka. Nyuma yake weka gongo au bomba la kupitisha, likae juu kidogo ya maungio ya miguu ya nyuma. Daktari wa mifugo au mhimilishaji (anayepandikiza mbegu za dume) asiingie nyuma ya ng'ombe kabla gongo hilo halijapita na kufungwa, na ng'ombe anayefuata azuiwe kwa geti lake. Mlango mdogo wa pembeni wa kumwingiza mhudumu pale nyuma nauona ni wa lazima kwa yeyote anayepima mimba.

Mtu aweze kutoka. Katika kila zizi ambamo mtu ataingia na ng'ombe, acha pengo la sentimita 40 hivi kwenye uzio, mahali panapofikika kwa hatua mbili tatu. Mtu anapita kwa ubavu, ng'ombe mkubwa hapiti. Mageti yawe na komeo linalojifunga lenyewe linaposukumwa. Kamba na waya ni hatari, kwa sababu ng'ombe akiligonga geti lisilokazwa, linampiga aliyelishika kifuani au usoni. Sijawahi kumwona mfugaji aliyejutia mapengo haya, na ndiyo ujenzi wa bei ndogo kuliko yote, kwa kuwa ni kuacha tu nafasi.

Sehemu ya kupakilia kwenye lori nitaipitia haraka: mteremko usizidi nyuzi 20, sakafu iwe na ngazi za kina kifupi, sentimita 10 kwenda juu na 30 za kukanyaga, kuta zizibwe, na kusiwe na uwazi kati ya sakafu na lori. Ng'ombe akiona chini kupitia uwazi huo, anagoma.

Kabla hujachimba shimo hata moja, chora yote ardhini kwa chokaa. Simamisha vigingi, funga kamba, kisha tembea njia nzima kama ng'ombe na urudi kama mhudumu, ukiwa umeshika chupa ya chanjo mkono mmoja. Mageti yafunguke upande gani? Ukiwa kibanioni unalifikia geti la nyuma? Lori litageuzia wapi? Nguzo za kamba unazihamisha dakika moja. Za zege hazihami.

Na kikishakamilika, usikifungue kwa kazi ya maumivu. Siku za mwanzo wapitishe ng'ombe huku kishika shingo kikiwa wazi, mbele waweke majani au pumba, watoke waende zao. Tanguliza jike mzima aliye mtulivu, mitamba wafuate nyuma yake. Baadaye mfunge mmoja mmoja kwa muda mfupi, mpapase, mfungue. Akishtuka sana, mwache apumzike, maana humchukua dakika 20 hadi 30 moyo kurudi katika mapigo yake ya kawaida, na kumrudisha mara moja ni kumwongezea hofu. Kazi ya kwanza halisi iwe nyepesi, kama kuwanyunyizia dawa ya kupe. Sindano, hereni za masikio na kukata pembe zisubiri hadi utakapoona wanaingia bila kusukumwa.