Nilikaa benchi la mapokezi, nikaona aibu ya mfumo wangu

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, nimetengeneza programu ya kliniki, ina kila kitu, lakini wagonjwa hawaigusi. Nimekosea wapi?" Niliusoma ujumbe huo mara tatu. Miaka michache iliyopita ningeweza kuuandika mimi.

Hospitali moja ilitupa kazi, mimi na wenzangu wawili: mfumo wa miadi na majibu ya maabara. Tulikesha miezi saba. Siku ya kuuonyesha, wakubwa walipiga makofi, maana ripoti za mapato zilitoka kwa kubonyeza kitufe kimoja. Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Wiki sita baadaye nilikwenda kukaa kwenye benchi la mapokezi nione watu wanavyoutumia. Mama mmoja alikuwa ameshika simu, anajaza fomu yetu. Ikamtaka namba ya faili. Namba iko kwenye kadi, na kadi keshaikabidhi dirishani. Akainuka, akaenda kuuliza, akarudi. Alipofika mwisho akabonyeza "Endelea", na fomu yote ikafutika, kwa sababu tarehe ya kuzaliwa aliiandika kwa nukta na sisi tulitaka mkwaju, yaani alama hii: /. Akaitazama simu kidogo, akaitia mkobani, akaenda kupanga foleni. Hakulalamika. Hilo ndilo lililoniuma, na linaniuma mpaka leo.

Waliofanikiwa kuingia walikuta neno moja kwenye majibu yao: "Inashughulikiwa." Siku nne, neno hilohilo. Wiki hiyohiyo mimi nilikuwa nimeagiza viatu mtandaoni na nilijua kila hatua: oda imepokelewa, imefungashwa, imetoka ghalani, iko njiani, inafika kesho. Viatu jamani! Na mtu anayesubiri kuambiwa kama uvimbe wake ni saratani tulimwachia neno moja.

Hapo ndipo nilipoanza kuyachunguza hayo maduka ya mtandaoni. Amazon, duka kubwa la mtandaoni la Marekani, ilipata hataza (haki ya kisheria ya kumiliki ubunifu) ya kununua kwa kubonyeza mara moja mwaka 1999, na wazo lenyewe ni jepesi kabisa: mteja akishatupa anwani na kadi yake, asiulizwe tena. Sisi tunamuuliza mgonjwa dawa zinazomdhuru kwenye kila dirisha, kana kwamba hatujawahi kumwona. Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, alikuwa akiacha kiti kitupu kwenye mikutano kuwakumbusha wenzake kwamba hicho ni cha mteja. Kwenye mikutano yetu alikuwepo mkurugenzi, mhasibu na mkuu wa TEHAMA. Mgonjwa hakuwa na kiti, hata kitupu.

Na sababu naijua. Anayelipia mfumo wa hospitali siye anayeutumia. Duka likimchosha mteja, linakosa pesa dakika hiyohiyo. Hospitali ikimchosha mgonjwa, atavumilia, kwa kuwa anaumwa na hana pa kwenda.

Hata serikali kubwa zimejikwaa hapohapo. Marekani ilipozindua HealthCare.gov, tovuti ya kununulia bima ya afya, tarehe 1 Oktoba 2013, mtu alitakiwa afungue akaunti kwanza ndipo aone bima zilizopo. Mfumo ulizidiwa, na siku ya kwanza watu 6 tu ndio waliofika mwisho wa kujiandikisha. Nani angeingia dukani akakubali kujisajili mlangoni kabla ya kuona bidhaa?

Wapo waliofanya vizuri. PillPack, duka la dawa la mtandaoni lililoanzishwa mwaka 2013, lilianza na mtu anayemeza dawa nyingi kila siku. Likampangia vidonge kwenye vipakiti vidogo, kila kimoja kimeandikwa siku na saa ya kumeza. Mgonjwa anachana kipakiti cha asubuhi, basi. Amazon ililinunua mwaka 2018, wala sikushangaa.

Lakini ndugu zangu, msibebe kila kitu cha dukani. Zile mbinu za kumshawishi mtu aongeze vitu kwenye kikapu, ziacheni hukohuko. Habari za ugonjwa si habari za saizi ya kiatu. Ujumbe wa "majibu yako tayari" usitaje kipimo, maana hujui nani ameishika hiyo simu.

Sisi tulirekebisha. "Inashughulikiwa" tukaigeuza kuwa hatua: sampuli imefika maabara, inapimwa, daktari anaisoma, majibu yategemee kesho mchana. Fomu tukaipunguza mpaka maswali manne, na tarehe ikakubalika vyovyote inavyoandikwa. Mkataba ulipoisha, hospitali ikawapa kazi watu wengine, na zile hatua nikasikia zinasifiwa kama zao. Nasema wazi, sijalisahau hilo. Ila najua ziliandikwa usiku gani, na kwa ajili ya mama yupi.

Kwa hiyo wewe uliyeniandikia, punguza maswali. Ukishapunguza, punguza tena. Mwambie mgonjwa jambo lake limefika wapi hata kama halijasogea. Na usiwaulize wakubwa kama mfumo ni mzuri, watakusifia tu. Kesho asubuhi, kabla hujafungua kompyuta, nenda mapokezi ukae na wagonjwa. Usijitambulishe. Jioni niandikie umeona nini.