Mama kila siku anasema chumvi haijakolea

SWALI: Mama yangu ana miaka 74, na siku hizi kila nikimpakulia chakula anasema chapwa, anajinyunyizia chumvi tena na tena, mimi nikionja sahani yake nakunja uso. Na ndo huyuhuyu alikuwa ananigombeza kwa kuzidisha chumvi! Ananifanyia makusudi? Maana ana presha jamani. (Binti wa mwisho)

JIBU: Wala hakufanyii makusudi mdogo wangu, kwake yeye chakula ni chapwa kweli. Zile seli za kuonjea kwenye ulimi hufa na kuzaliwa upya kila baada ya siku kama 10 hivi, sasa umri ukienda kazi hiyo inazorota, mate nayo yanapungua na mdomo mkavu hauonji vizuri. Ila mimi naona ulimi unasingiziwa sana, mwenye kesi kubwa hapa ni pua. Hebu chukua peremende ya matunda, bana pua, itie mdomoni, utasikia utamu wa sukari tu basi, hujui kama ni chungwa au nanasi, ukiachia pua ndo unashtuka aah, kumbe chungwa! Sasa watu wengi wakishavuka 60 pua inaanza kufifia polepole, wenyewe hata hawajui, wanamlaumu mpishi.

Kingine angalia dawa zake. Zipo dawa za presha zinazobadilisha ladha, wengine wanasikia kama wanalamba chuma, kwa hiyo muulize daktari wake kama inaweza kubadilishwa, lakini msije mkaacha wenyewe nyumbani. Kama anavaa meno ya bandia yasafishwe kila siku.

Chumvi sasa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, tena hapo ni pamoja na ile iliyomo kwenye vyakula vya kununua. Wewe pika na chumvi kidogo sana halafu mkolezee kwa limau, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga, na ile chumvi yake kiduchu inyunyizie juu wakati wa kula, ikigusa ulimi moja kwa moja anaisikia zaidi kuliko iliyochemkia ndani ya mchuzi.

Ila kama ladha ilipotea ghafla, ndani ya siku chache tu, huo sio uzee, mpeleke hospitali.