Mapungubwe: siku moja haitoshi

Ndugu yangu, umeuliza kama siku moja inatosha Mapungubwe, hifadhi ya taifa ya Afrika Kusini, na kama ukiwa hifadhini unaweza kuvuka mto Limpopo uingie Botswana.

Kaa angalau siku mbili. Kilima chenyewe cha Mapungubwe hupandi peke yako, ni lazima uongozane na mwongozaji wa hifadhi, kwa hiyo weka nafasi mapema na uombe zamu ya asubuhi kabla jua halijawa kali. Usikiache kilima, tafadhali, hata kama umefuata tembo tu. Huko juu ndiko walikozikwa wakubwa wa dola lililostawi karne ya 13, na kwenye makaburi hayo, miaka ya 1930, akapatikana kifaru mdogo wa dhahabu: bamba la dhahabu jembamba kama karatasi, lililoshikizwa kwa vijimisumari vya dhahabu vidogo mno.

Jioni nenda kwenye vilele vya kutazamia mito ya Limpopo na Shashe inapokutana. Umesimama Afrika Kusini. Kushoto Botswana, kulia Zimbabwe.

Kuvuka ukiwa hifadhini, hapana. Kiangazi mto hubaki mchanga mtupu, utaona kama ni hatua chache tu, lakini huo ni mpaka wa nchi. Chukua pasipoti upitie kituo cha mpakani cha Pontdrif. Maji yakijaa magari hayapiti hapo, watu huvushwa kwa kitoroli kinachoning'inia kwenye waya.

Nenda kati ya Mei na Agosti. Na kuhusu malaria, muone daktari kabla ya safari.