Tarehe moja, hifadhidata tatu: tunga fanksheni zako mwenyewe

Wiki hii msomaji mmoja amenitumia picha ya risiti iliyoandikwa 09/03/2025 14:March. Programu yake ya duka ilianzia kwenye SQLite, ikahamia MySQL, na muundo wa tarehe ukanakiliwa ulivyo: '%d/%m/%Y %H:%M'. Kwenye SQLite, %M ni dakika. Kwenye MySQL, %M ni jina la mwezi. Dakika ni %i. Ana bahati, maana kosa lake linaonekana kwa macho. Anayehamia PostgreSQL akaandika 'HH24:MM' badala ya 'HH24:MI' atachapa 14:03 kwa kila mteja wa saa nane mchana mwezi Machi, na 14:04 mwezi Aprili. Saa kama hiyo haimshtui mtu.

Wengi wakifika hapa huanza kuandika programu ya kugeuza alama za hifadhidata moja kuwa za nyingine. Usijaribu. Alama hazilingani moja kwa moja: 'Month' ya PostgreSQL hujaziwa nafasi tupu mpaka zitimie herufi 9, usipoitanguliza na FM, ilhali MySQL haijazi kitu. Tunga fanksheni yenye jina lilelile katika kila hifadhidata, na muundo wake uufungie ndani. Mwenye programu aite tarehe_fupi(t) tu, asiguse alama yoyote.

Kwanza hifadhi wakati kwa UTC (saa ya dunia, iliyo nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3), pote. Kisha kwenye PostgreSQL:

CREATE FUNCTION tarehe_fupi(t timestamptz) RETURNS text
LANGUAGE sql STABLE AS $$
SELECT to_char(t AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam', 'DD/MM/YYYY HH24:MI') $$;

Andika jina la mji. Ukiandika 'UTC+3', PostgreSQL huisoma kwa kanuni ya POSIX (kiwango cha mifumo ya aina ya Unix), ambamo + ni magharibi ya Greenwich, na saa yako itarudi nyuma saa 3 badala ya kwenda mbele.

MySQL:

CREATE FUNCTION tarehe_fupi(t DATETIME) RETURNS VARCHAR(16)
DETERMINISTIC NO SQL
RETURN DATE_FORMAT(t + INTERVAL 3 HOUR, '%d/%m/%Y %H:%i');

Bila maneno DETERMINISTIC au NO SQL, seva inayoandika kumbukumbu za binari (binary log, rekodi ya mabadiliko ya data) inaweza kukukatalia kwa kosa namba 1418. Safu iwe DATETIME. Ikiwa TIMESTAMP, MySQL huigeuza kwanza kufuata saa ya muunganisho, na kama muunganisho uko +03:00 utaongeza saa 3 mara mbili: mauzo ya 14:25 yatasomeka 17:25. Saa 3 zisizobadilika zinatosha Tanzania, Kenya na Uganda, ambako saa haisogezwi kwa majira. Mwenye wateja London atumie CONVERT_TZ na jina la mji, ila majedwali ya kanda za saa yapakiwe kwanza, la sivyo inarudisha NULL (thamani tupu).

SQLite haina CREATE FUNCTION. Unaisajili kutoka kwenye programu, kwa mfano Python:

from datetime import datetime, timedelta

def tarehe_fupi(t):
    if t is None: return None
    d = datetime.fromisoformat(t) + timedelta(hours=3)
    return d.strftime("%d/%m/%Y %H:%M")

con.create_function("tarehe_fupi", 1, tarehe_fupi, deterministic=True)

Usajili huu ni wa muunganisho mmoja (hapo juu ni con). Kila unapofungua muunganisho mpya, sajili tena. Na anayefungua faili hilo kwa sqlite3 ya kawaida ataambiwa "no such function". Ndiyo maana usiiweke ndani ya VIEW (swali la SQL lililohifadhiwa ndani ya faili).

Majina ya miezi kwa Kiswahili usiyaombe kwa seva, maana hutegemea lugha ambazo seva inazo. Yaandike mwenyewe: ELT(MONTH(t + INTERVAL 3 HOUR), 'Januari', 'Februari', ...) kwenye MySQL, ARRAY kwenye PostgreSQL, orodha ya kawaida kwenye Python. Miezi ni 12 tu, na hiyo kazi unaifanya mara moja.

Nalisisitiza hili kila mara: fanksheni hizi ni za kuonyesha, si za kutafutia wala kupangia. Kwa maandishi, '10/01/2024' huja baada ya '09/12/2024'. Na ukiandika WHERE tarehe_fupi(t) LIKE '09/03/2025%', faharasa (index) ya safu t haitumiki, jedwali zima linasomwa. Mauzo ya tarehe 9 Machi yatafute kwa mipaka ya UTC (kwenye PostgreSQL ongeza +00 mwishoni mwa kila wakati, usije ukasomwa kwa saa ya muunganisho): t >= '2025-03-08 21:00:00' AND t < '2025-03-09 21:00:00'.

Kabla ya kuachia wateja, pitisha safu mlalo hizi katika hifadhidata zote tatu na ulinganishe herufi kwa herufi: NULL irudi NULL, 2024-02-28 21:30:00 iwe 29/02/2024 00:30, 2024-12-31 20:59:00 ibaki 31/12/2024 23:59, na 2024-12-31 21:00:00 iwe 01/01/2025 00:00.